Vespa ikigoma Malindi: anza na plagi, bisibisi baadaye

Skuta nyingi ninazoletewa hapa Maweni haziji zimeharibika tu. Zinakuja zimeharibika, kisha zikatengenezwa. Mwenyewe alikuwa na tatizo la shilingi mia tatu. Fundi wa kwanza akafungua kabureta, wa pili akabadilisha koili, wa tatu akafunga kabureta ya bodaboda kwa waya wa kufungia miti ya ujenzi, na mimi wa nne ndiye ninayekabidhiwa skuta pamoja na ndoo ya nati zisizojulikana zilitoka wapi. Kazi yangu ya kwanza inakuwa kuondoa matengenezo, ndipo nilifikie tatizo.

Mashine ninazozungumzia hapa ni Vespa za zamani za petroli iliyochanganywa na oili, hasa modeli ya PX ya cc 125 na 150, na binamu yake wa Kihindi, Bajaj Chetak. Bajaj walikuwa wakiunda Vespa kwa leseni ya Piaggio miaka ya 1960. Leseni ilipokwisha mwaka 1971 wakaendelea na umbo lilelile kwa jina lao, ndiyo maana spea nyingi za Chetak zinaingia kwenye Vespa bila ugomvi, au kwa ugomvi mdogo wa msasa. Hapa Malindi muuza madafu anakutajia bei kwa Kiitaliano kabla hujafungua mdomo, kwa hiyo si ajabu kukuta Vespa imelala kwenye banda la jumba fulani kule Casuarina. Neno lenyewe kwa Kiitaliano ni nyigu, na ukisikia injini yake ikiwa safi utajua kwa nini.

Kabla ya kufungua chochote

Chomoa plagi uisome. Usiisome baada ya skuta kusimama uani ikinguruma, maana hapo kila plagi ni nyeusi. Endesha mbio kidogo kwenye barabara iliyonyooka, kamata klachi, zima injini papo hapo, sogea pembeni, chomoa. Rangi ya biskuti ni afya. Nyeusi iliyolowa ni petroli nyingi, oili nyingi, au moto dhaifu. Nyeupe kavu kama chokaa ni hewa nyingi kuliko petroli, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Ukiona vitone vidogo vinavyong'aa kama fedha kwenye ncha, hiyo ni pistoni yako inayeyuka na kujipaka kwenye plagi. Usiiwashe tena siku hiyo.

Hapohapo hakikisha plagi ni ya mashine hiyo. PX ya 125 na 150 inataka plagi ya shingo fupi, kwa mfano NGK B7HS. Ya 200 inataka shingo ndefu. Mtu akitia ndefu kwenye kichwa cha shingo fupi, pistoni inapanda na kuigonga. Nimeona plagi iliyobanwa pengo mpaka likafungika kabisa, na mwenye skuta anaapa kwamba plagi ni mpya. Kweli ilikuwa mpya.

Pengo liache milimita 0.6.

Haiwaki kabisa

Piga kiki mara tano, chomoa plagi uinuse. Ikiwa imelowa, petroli inafika, tafuta moto. Ikiwa kavu, moto uache kwanza, tafuta petroli.

Kwa moto: rudisha plagi kwenye kofia yake, ilaze juu ya chuma cha silinda, mbali na tundu la plagi, ingia kivulini, piga kiki. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ya manjano, nyembamba, isiyo na sauti, haitoshi. Hapa nje itaonekana, lakini mle ndani penye mgandamizo itakufa. Ikiwa hakuna kitu, usikimbilie koili. Anza na kofia yenyewe. Pwani hii chumvi inaingia pale waya mnene unapojipigia skrubu ndani ya kofia, panaota ukungu wa kijani, na moto unakatika hapo. Kata sentimita moja ya waya, zungusha kofia tena kwenye sehemu mpya, jaribu. Nusu ya skuta zinazokuja kwangu "koili imekufa" zinaondoka kwa kisu na dakika mbili, na mwenyewe hunitazama kama niliyemwibia akiona namdai pesa.

Ikikataa, tenganisha waya wa kuzimia pale kwenye kijisanduku cha nyaya cha injini. Kama moto unarudi, basi injini ilikuwa inazimwa muda wote na ufunguo mbovu au waya uliochubuka ndani ya usukani.

Baada ya hapo ndiyo pointi, vile vidole viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili cheche itoke, kwa zile zenye pointi. Chungulia kwenye dirisha la flaiwili, lile gurudumu zito lenye feni ubavuni mwa injini. Pengo liwe kati ya milimita 0.35 na 0.45 zinapofunguka kabisa. Zikiwa na utando, pitisha msasa laini mara mbili, kisha pitisha karatasi nyeupe mpaka itoke safi. Unga wa msasa ukibaki umefanya kazi bure. Ukiona pointi zenyewe zinatoa cheche kubwa injini ikizunguka, kondensa inayopaswa kuzimeza cheche hizo imekufa. Kuibadilisha lazima flaiwili itoke, na flaiwili inatolewa kwa kivutio chake chenye nyuzi, si kwa nyundo. Nyundo inapinda krenki, ekseli kuu ya injini, na krenki ikipinda hata kidogo pengo la pointi linacheza kila mzunguko, hutalipata tena maisha.

Kwa petroli: hapa msimu unasema wenyewe. Wenye skuta wengi huondoka mvua ya masika ikianza, skuta inaachwa na petroli kwenye kabureta mpaka Julai au Desemba. Petroli inaruka, oili inabaki chini kama mlenda. Jeti ndogo ya mwendo wa polepole, kile kijiskrubu chenye tundu kinachopimia petroli, ndiyo inayoziba kwanza, kwa sababu tundu lake ni dogo mno. Mafundi wengi huzibua kwa uzi wa chuma wa waya wa breki, na hapo wameipanua jeti. Mimi natumia mshipi wa kuvulia, ule mwembamba wa samaki wadogo, wanauza kwenye duka lolote karibu na soko la samaki. Loweka jeti kwenye petroli safi usiku kucha, asubuhi pitisha mshipi, puliza, itazame juani. Ukiona duara kamili la mwanga, imefunguka. Ukiona nusu mwezi, rudisha kwenye kikopo.

Usisahau kijichujio cha wavu pale bomba la petroli linapoingia kwenye kabureta, chini ya kifuniko chenye skrubu moja. Watu hufungua kila kitu wakakiacha hicho.

Inawaka vizuri, dakika kumi inazima

Ugonjwa huu una sura mbili zinazofanana, na mtu akizichanganya atanunua spea za mwezi mzima.

Sura ya kwanza: unatoka mjini vizuri, kabla ya Msabaha inaanza kukohoa, inazima. Unasimama chini ya mwembe, unapumzika, inawaka tena. Safari ijayo, ikianza kukohoa, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia kama tanki linavuta pumzi na injini ikarudi, tatizo ni kitundu cha hewa cha kifuniko. Kimeziba kwa vumbi na rangi, hewa haingii, petroli haishuki. Nyingi zilizopakwa rangi upya zina ugonjwa huu, maana mpiga rangi hupaka na kifuniko.

Sura ya pili: kufungua kifuniko hakusaidii, lakini ukingoja ipoe inawaka. Kabla haijapoa, jaribu cheche pale pale barabarani. Ikiwa hakuna cheche injini ikiwa moto, na ipo ikipoa, basi ni kondensa au koili iliyo ndani ya magineto. Waya wake mwembamba umekatika mahali, ukipoa ncha zinagusana, ukipata joto zinaachana. Hii haitengenezeki kwa kubembeleza. Nunua nyingine.

Kuna ya tatu inayokuja msimu wa mvua: maji kwenye tanki. Hiyo inakohoa bila mpango, sasa mbio, sasa imekufa. Mwaga petroli ya kabureta kwenye chupa ya kioo na uiache itulie. Maji yatakaa chini yakiwa na mstari wake.

Inapandisha

Hili ndilo jambo ninalotaka mtu alielewe kuliko yote, kwa sababu linaua injini, na kwa sababu watu hulifurahia linapoanza.

Mzee mmoja, mpishi mstaafu aliyeachiwa Vespa na tajiri wake, alikuja akiisukuma, jasho linamtoka.

"Fundi, hii imepandisha."

"Imepandisha vipi, mzee?"

"Kama mtu mwenye pepo, mwanangu. Nimefunga akseleta, haishuki. Inalia tu. Nimeishika breki huku naogopa itanitupa mtaroni."

Nikamuuliza ilianza lini. Akasema wiki mbili zilizopita ilikuwa imepata nguvu ghafla, akafurahi, akadhani ni petroli ya kituo kipya.

Ndivyo inavyoanza. Injini inapoanza kunyonya hewa mahali isipopaswa, mchanganyiko unakuwa mkavu, na mkavu kidogo una mbio. Kisha unazidi kuwa mkavu. Ukiachia akseleta, injini haishuki mara moja, inaning'inia juu sekunde kadhaa. Baadaye haishuki kabisa. Baada ya hapo pistoni inashika silinda, tairi la nyuma linafunga, na kama uko barabara ya Mombasa na lori liko nyuma yako, Mungu akusimamie.

Kwanza jinsi ya kuizima ikipandisha: zima ufunguo. Ikiwa ufunguo haufanyi kazi (za zamani nyingi hazifanyi), vuta choki mpaka mwisho izame kwa petroli. Ikikataa, tia gia ya nne, shika breki zote mbili kwa nguvu zako zote, kisha achia klachi. Itakufa. Usifunge bomba la petroli ukingoje, maana petroli inapokwisha ndani ya kabureta mchanganyiko unakauka zaidi na ndipo inapolia kuliko mwanzo.

Sasa tafuta hewa inaingia wapi, kwa mpango huu.

Juu kabisa: kabureta na sanduku lake. Kabureta ya Vespa kubwa imekaa juu ya injini kwa bolti mbili ndefu, na fundi mwenye mkono mzito akizikaza anaipinda kitako. Itoe, iweke juu ya kioo cha dirisha, ijaribu pembe hadi pembe. Ikichezacheza kama meza ya mguu mfupi, bandika msasa wa maji juu ya kioo, tia tone la mafuta, sugua kitako kwa mzunguko wa namba nane, polepole, mpaka chuma chote kiwe na rangi moja. Ilinichukua dakika arobaini ile ya mzee. Ukisikia hamu ya kuongeza gasketi mbili badala ya kusugua, zuia mkono wako.

Katikati: kitako cha silinda na kichwa. Injini ikinguruma taratibu, dondoshea oili nyepesi kwa sindano kuzunguka kiungo. Mlio ukibadilika, umepata.

Chini: sili ya upande wa flaiwili, ile pete ya mpira inayozuia hewa na oili kupita kando ya krenki. Hii ndiyo mara nyingi. Ondoa kifuniko cha feni, ondoa flaiwili, tazama sahani ya koili. Inatakiwa iwe kavu na vumbi lake. Ikiwa imelowa ukungu mweusi wa oili, sili imekwisha. Inapuliza pistoni ikishuka na kunyonya hewa pistoni ikipanda. Kwenye nyingi inatolewa kutoka nje bila kupasua injini, na bei yake haifiki ya sahani ya biriani. Ile ya mzee ilikuwa na yote mawili, kitako kilichopinda na sili ngumu kama kucha. Skuta iliyolala miaka inakausha sili hata kama haijatembea kilomita, kwa hiyo "haijatumika sana" kwangu si sifa.

Moshi mweupe hauishi

Moshi kidogo ikiwaka asubuhi ni kawaida ya injini ya oili. Lakini moshi mzito unaofuata nyuma mpaka majirani wa Shela wakafunga madirisha ni jambo jingine. Pima oili ya gia. Inatakiwa kuwa mililita 250 tu, ya SAE 30. Ikiwa umeimwaga ikatoka nusu, na hakuna tone chini ya skuta, basi injini imekuwa ikiinywa kupitia sili ya upande wa klachi. Plagi itakuwa imelowa na moshi una harufu ya oili iliyoungua, tofauti na ule utamu wa oili ya kuchanganya. Sili hii haifikiwi mpaka injini ipasuliwe nusu mbili. Ikiwa umefika hapo, badilisha sili zote mbili, beringi za krenki na ule msalaba wa gia (kipande cha ndani kinachoshika gia unayochagua) kwa wakati mmoja, ili usirudi mle mwaka ujao.

Pia inatokea oili ya gia ikazidi badala ya kupungua na ikanuka petroli. Mlango ni uleule, sili hiyo.

Imekamata

Sababu kubwa ya pistoni kukamata silindani hapa Malindi si hewa wala joto. Ni kijana wa bodaboda kuazimwa skuta. Pikipiki yake ina oili yake chini, petroli inaingia tupu. Anaitendea hisani Vespa, anaijaza petroli tupu mpaka juu, anairudisha na asante. Siku ya pili mwenyewe anakwenda Mambrui, hafiki daraja la Sabaki.

Kipimo cha PX na Chetak ni asilimia 2: mililita 20 kwa kila lita, mia moja kwa lita tano. Za miaka ya 1950 ziliandikiwa asilimia 5, soma kibandiko au kitabu chake. Oili iwe ile ya kuchanganya, ya injini za mipigo miwili (two-stroke), si 20W-50 ya gari iliyobaki. Changanya kwenye kidumu, tikisa, ndipo umimine. Ukimimina oili kwenye tanki baada ya petroli inakwenda moja kwa moja chini kwenye bomba, unapata moshi wa harusi kilomita mbili za kwanza, kisha ukavu. Baadhi ya PX zina tanki la oili pembeni na zinajichanganyia zenyewe. Tazama kile kijicho cha kioo, kikiwa cheupe ongeza. Nilipaka maneno "TIA OILI" kwa rangi nyekundu ndani ya kifuniko cha kiti cha kila skuta inayopita kwangu. Wateja wengine huchukia. Wale wale ndio wasiorudi na pistoni iliyochanika.

Ikikamata kidogo, ikaachwa ipoe na ikazunguka, usishukuru ukaondoka. Ng'oa silinda. Mara nyingi ni alumini ya pistoni iliyojipaka kwenye ukuta. Inatoka kwa msasa, ringi zikiwa huru zinarudi. Mikwaruzo inayoshika ukucha ni silinda ya kuchongwa.

Inanguruma lakini haisogei, au gia inaruka

Hapa nitapita haraka. Kama umetia gia, umeachia klachi, na unasikia mkwaruzo nyuma huku skuta imesimama, tazama nati kubwa ya tairi la nyuma. Ikilegea, meno ya dramu yanasagwa na ekseli. Pini ya kufungia nati hiyo si pambo.

Klachi ikiteleza baada ya kubadilishwa oili, muulize aliyebadilisha alitia nini. Gia ikiruka, kaza nyaya zake kwanza, maana zinarefuka. Ikiendelea kuruka chini ya mzigo, hasa ya pili, ni msalaba wa ndani umekuwa wa mviringo pembeni. Injini ipasuliwe.

Taa zinaungua zote pamoja: kwenye zile za volti 6 taa zinagawana umeme wa koili moja, ikiungua moja nyingine zinapata zaidi ya haki yao na kuungua kwa zamu. Badilisha ya kwanza mapema, na kwenye za volti 12 tazama kidhibiti cha umeme na waya wake wa mwili (ethi), ambao nao chumvi inaupenda.

Rimu, kabla hujaumia

Rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyoshikwa na nati tano pembeni, mbali na zile zinazoishika kwenye dramu. Toa upepo wote kabla ya kugusa nati za rimu. Wote, mpaka vali ya ndani imetolewa. Ukizifungua na upepo ndani, kipande kinaruka. Hili silielezi zaidi, nilishaona mkono.

Upepo wa mbele uwe kama PSI 18, nyuma 26, ukibeba mtu ongeza nyuma. Vijana wa pampu wamezoea bodaboda, wanatia 40 pande zote, kisha mteja analalamika skuta inarukaruka kwenye matuta.

Marekebisho: yapi nayakubali

Kuna silinda za 177 zinazoingia kwenye injini ya 125 na 150 bila kupasua chini. Zina nguvu kweli. Lakini ukiifunga ukabaki na jeti ya zamani na wakati wa cheche wa zamani, umenunua njia ghali ya kuyeyusha pistoni. Jeti kuu lazima ipande, wakati wa cheche urudishwe nyuma, na plagi isomwe kila siku wiki ya kwanza. Nikimuuliza mteja anataka kwenda wapi, ananiambia Watamu. Barabara yetu ni bapa mpaka unachoka. Hiyo 150 iliyo nzima inamfikisha na abiria na mkungu wa ndizi.

Kubadilisha pointi ziwe moto wa kielektroniki nakubali kwa moyo wote, hasa kwa wanaokaa ufukweni. Hakuna pointi, hakuna utando wa chumvi. Tazama tu koni ya krenki ilingane na flaiwili mpya, maana zipo za unene tofauti, na flaiwili iliyokaa kwa kulazimishwa itakata ufunguo wake, kile kipande cha chuma kinachoifunga kwenye krenki, siku ya kwanza.

Breki ya diski mbele, kwa kutumia uma wa PX za 1998 na baada ya hapo, ni pesa iliyotumika vizuri kuliko silinda yoyote.

Kabureta ya bodaboda sikubali. Kabureta asilia inapumua ndani ya sanduku lililofungwa, na sanduku hilo lina sababu. Kwenye injini hizi ubavu wa krenki wenyewe ndio mlango wa petroli, unasugua karibu kabisa na ukuta wa injini bila sili. Kabureta iliyoning'inizwa nje na kichujio cha sponji inaleta mchanga wetu mwembamba mpaka pale, mchanga unachora ukuta, na mchoro huo hauuziwi spea. Injini nzima inabadilika kwa ajili ya kabureta ya bei ya chini.

Wala sikubali kuondoa kifuniko cha feni ili "injini ionekane". Feni ya flaiwili inasukuma upepo, kifuniko ndicho kinachoupeleka kwenye mapezi ya silinda. Bila hicho upepo unapotea hewani na silinda inapikwa ikiwa inaonekana vizuri.

Inayumba, na hakuna kitu kilicholegea

Nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linaloletwa mwisho, wakati kila kitu kingine kimeshabadilishwa. Skuta inayumba kwenye kona, nyaya za gia hazikai sawa hata ukizikaza, mlango wa ubavuni haufungi kama zamani. Tairi ni mpya, beringi ni mpya.

Corradino D'Ascanio, aliyeibuni Vespa kule Pontedera na ikatoka mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na hakuipa fremu. Bati ndilo fremu. Pale unapoweka miguu ndipo panapobeba skuta yote, kama mgongo wa samaki. Basi kutu ya sakafu si suala la sura.

Ng'oa mpira wa sakafu. Chini yake kuna maji ya chumvi yaliyokaa tangu kusi iliyopita. Geuza bisibisi, gonga kwa mpini wake kando ya tuta la katikati, mbele hadi nyuma, ukisikiliza. Bati zima linalia. Bati bovu linajibu kwa sauti ya boksi. Geuza bisibisi tena, kwa ncha sasa, sukuma pale palipojibu vibaya.

Ile ya mwisho niliyofanya hivyo ilikuwa nyekundu, rangi mpya kabisa ya mwezi mmoja, imepigwa msasa na kung'arishwa mpaka unajiona. Bisibisi ilizama mpaka mpini. Mwenyewe alikuwa amesimama karibu na funguo mkononi, ameniletea nimtazamie kabureta.